Muulize Mwalimu: Nasoma kwa kidole, nitapimwa wapi?

Mwalimu, assalaam alaykum. Mimi ni mtu wa miaka 33, natoka Konde, kazi yangu ni fundi wa injini za maboti. Skuli niliacha Kidato cha Pili baada ya kufeli. Mwaka huu nimejiunga na masomo ya jioni Wete, nataka nifanye Mtihani wa Maarifa, ule unaomfungulia aliyeacha skuli njia ya Kidato cha Nne, kisha nifanye Kidato cha Nne chenyewe. Tatizo langu ni kusoma. Nikisomewa naelewa, na nikiulizwa kwa mdomo najibu kuliko wenzangu. Nikisoma mwenyewe nafuata kwa kidole, na nikifika mwisho wa sentensi mwanzo wake umeshanipotea. Jaribio la Biolojia nilijibu maswali manne katika kumi, muda ukaisha. Nilikwenda kupimwa macho nikapewa miwani, haikubadilisha kitu. Mama anasema nilifanyiwa hasadi nikiwa mdogo, na kombe nimeshakunywa. Mwalimu wangu wa jioni ananiambia huenda nina ulemavu wa kujifunza, nikapimwe ili niongezewe muda katika mtihani. Nipimwe wapi, na kweli nitaongezewa? Barua hii kaniandikia mke wangu, ila ukurasa wa pili nimeuandika kwa mkono wangu ili uone.
Fundi wa Konde

Waalaykum salaam, mwanangu. Nimeanza na huo ukurasa wa pili. Nimeuweka karibu na dirisha nikausoma mara tatu. Una mistari kumi na tisa. Neno “kwamba” umelitumia mara tatu, na kila mara limekuja na sura nyengine: kwanza “kwaba”, kisha “kwabma”, kisha “kwamba” sawasawa. “Nyumba” imepoteza m yake. “Injini” imetoka vizuri kila mahali, na nadhani ni kwa sababu unaiona kila siku kwenye maboksi ya vipuri mpaka umeijua kwa sura, kama unavyoijua sura ya mtu. Penye “Mungu” umefuta na kuandika upya mpaka karatasi ikatoboka. Mtu asiyefundishwa, kwa nilivyoona mimi, mara nyingi hukosea neno lile lile kwa namna ile ile. Na mvivu hafuti mpaka akatoboa karatasi.

Nimefundisha skuli za Pemba miaka 34, mingi ya hiyo darasa la pili na la tatu, na kurasa kama hii nimeziona nyingi. Zamani nilipoziona nilishika bakora. Nayasema haya nikijua kuwa ukurasa huu unasomwa na watu niliowafundisha. Kulikuwa na mtoto aliyechanganya b na d mpaka darasa la tano. Nilimsimamisha mbele ya wenzake asome, naye macho yake hayakuwa kwenye kitabu, yalikuwa kwenye mdomo wangu, akitafuta neno litatokea wapi. Nilimpiga kwa uvivu ambao hakuwa nao. Leo anachonga milango, anapitisha nakshi kwenye mti bila ya karatasi, na mwaka niliostaafu nilimfuata karakanani kwake nikamwomba radhi. Akanambia, “Mwalimu, mimi siku zote nikijua mjinga ndiye mimi.” Nakujibu kwa urefu kwa sababu yake.

Kitu unachokieleza wataalamu hukiita disleksia. Ni ugumu wa kuunganisha herufi na sauti zake kwa wepesi. Hauhusiani na akili kuwa nyingi au chache, na ni kitu mbali na kile tunachokiita ulemavu wa akili. Wapo wenye ugumu wa namna hiyo katika hesabu, wengine katika kuandika. Kitabu cha uchunguzi cha madaktari wa akili wa Marekani, toleo la 2013, kinakisia kuwa katika kila watoto 100 wa umri wa skuli, kati ya 5 na 15 wana ugumu wa kujifunza wa aina hizi, na katika watu wazima ni kiasi cha 4 katika 100. Mimi niliwahi kuwa na darasa la watoto 60. Piga hesabu mwenyewe ni wangapi niliowaita wavivu.

Wala si jambo la juzi. Mwaka 1896 daktari mmoja wa Uingereza, Pringle Morgan, aliandika katika jarida la madaktari wa kwao habari za kijana wa miaka 14, mwepesi wa hesabu na michezo, ambaye jina lake mwenyewe, Percy, aliliandika “Precy”. Mwalimu wake alisema kuwa kama masomo yote yangekuwa kwa mdomo, yule kijana angewashinda wote skulini. Niliposoma habari hiyo kwa mara ya kwanza nilimkumbuka mchonga milango wangu.

Sasa utaniuliza, mbona nilifika Kidato cha Pili bila mtu kulijua? Lugha yetu ndiyo iliyokusitiri. Kiswahili huandikwa kama kinavyotamkwa. Ukishazijua ba, be, bi, bo, bu, umepata ufunguo wa maneno yote. Kwa hiyo mwenye disleksia kwetu hatimaye husoma, ila husoma polepole na huchoka. Husikii akikosea sana, unasikia anachelewa tu, na kuchelewa tukakuita uzito. Kisha anaingia sekondari, masomo mengi yanageuka Kiingereza, lugha ambayo “through” na “enough” zina herufi zinazofanana na sauti zisizofanana. Hapo ndipo anapozama, na sote tunasema mtoto Kiingereza hakijui. Nadhani nawe ulizama hapo hapo. Na chuoni kwenye Kurani je? Wengi wa aina yako huhifadhi sura kwa kusikia, haraka kuliko wenzao, lakini ustadhi akifungua juzuu mahali popote na kusema “soma hapa”, ulimi unakwama. Kama nawe ulikuwa hivyo, liandike, ni ushahidi.

Kombe umekunywa, na dua za mama usiziache. Hazigombani na daktari.

Tuje kwenye kupimwa. Watu wengi hudhani kipo chombo unawekwa kichwani, au damu inatolewa, kisha unapewa cheti. Hakuna. Kupimwa kwa ugumu wa kujifunza ni kukaa na mwanasaikolojia saa kadhaa, pengine siku mbili. Atakuuliza habari za utotoni. Atakupa maneno usome huku saa inakwenda, na maneno ya kubuni yasiyo na maana, kama “kipwate” au “bundali”, kwa sababu hayo huwezi kuyajua kwa sura, lazima uyaunganishe herufi kwa herufi. Atakwambia sema “pata”, sasa liseme bila ya sauti ya mwanzo. Atakutajia tarakimu uzirudishe kinyumenyume. Atakusomea imla. Atakupa mafumbo ya maumbo yasiyotaka kusoma hata neno moja, na hapo fundi wa injini huonekana ni nani. Anachotafuta ni kinachokwama unaposoma, na kisichokwama. Mwombe akupime kwa Kiswahili. Vipimo vingi vilitungwa Uingereza na Marekani kwa watu waliozaliwa ndani ya Kiingereza, na mtu wa Konde akipimwa kwa hivyo peke yake, kitakachopimwa ni Kiingereza chake.

Kabla ya kumfikia huyo, yako mambo ya kuyaondoa njiani. Macho umeshapima, na karatasi ya daktari itunze, usiitupe kwa sababu miwani haikusaidia. Kutosaidia kwake ni habari. Miwani ya kusomea huwafaa zaidi waliofika arubaini na kuendelea, ambao herufi za karibu zinawafifia. Wewe herufi unaziona, zinakataa kuwa neno. Kuna wanaouza miwani ya vioo vya rangi wakisema inatibu disleksia. Pesa hizo nunua petroli. Masikio nayo yapimwe, hasa kama ulikuwa mtoto wa kutoka usaha. Na muulize mama kwa utulivu: uliwahi kupata degedege la malaria? Wewe ni wa kizazi kilichozaliwa kabla malaria haijapungua Zanzibar katikati ya miaka ya 2000, na malaria iliyopanda kichwani huweza kuacha athari katika kujifunza. Hilo nalo daktari alijue, maana njia yake ya kusaidiwa huenda ikawa tofauti. Mwambie pia ukweli kuhusu mahudhurio. Kama kila msimu wa karafuu ulikuwa mkarafuuni wiki nzima nzima, lisemwe, kwa sababu mtaalamu lazima atenganishe asiyeweza kusoma na asiyefundishwa.

Jambo nitakalokwambia sasa ndilo kubwa kuliko yote, na wengi hawaambiwi. Kitabu kile cha 2013 kinasema kuwa kwa mtu wa miaka 17 na zaidi, historia ya ugumu huo iliyoandikwa inaweza kushika nafasi ya vipimo rasmi. Maana yake ni kuwa ushahidi wako unaanza kwenye kasha la mama, si hospitali. Mwambie atafute ripoti zako za skuli, matokeo yako ya Kidato cha Pili, madaftari kama yapo. Mwalimu aliyekufundisha akiwa hai, mwendee akuandikie anachokikumbuka. Kaka au dada mkubwa aandike nusu ukurasa: alikuwa akisoma vipi nyumbani, nani alimsaidia kazi za skuli, akitumwa dukani na karatasi alifanya nini. Kila karatasi iwe na tarehe na sahihi. Weka yote katika faili moja la plastiki, maana Pemba mvua haina miadi.

Na jipime nyumbani ili upate kitu cha kuonesha. Mke wako akuchagulie ukurasa wa kitabu cha Kiswahili ambao hujapata kuuona. Soma kwa sauti dakika moja, naye ahesabu maneno. Kisha akuchagulie ukurasa mwengine wa uzito huo huo, akusomee yeye, akuulize maswali matano. Kisha soma mwengine kimya, akuulize matano. Fanyeni hivyo siku tano, muandike. Hicho si kipimo cha daktari, lakini ukija na karatasi inayoonesha kuwa ukisomewa unapata manne na matano, na ukisoma mwenyewe unapata moja na mawili, anayekusikiliza atakaa vizuri kwenye kiti.

Ukishakuwa na faili, nenda hospitali ya Chake Chake ukaombe barua ya rufaa kwa mwanasaikolojia. Huenda ikakupeleka Unguja, Mnazi Mmoja au kwa wataalamu wa hospitali ya akili ya Kidongo Chekundu, na ikibidi Muhimbili, Dar es Salaam. Najua jina la Kidongo Chekundu linavyosikika masikioni mwa watu wetu. Unakwenda kwa sababu ndiko waliko watu waliosomea namna akili inavyofanya kazi, basi. Usipande boti Mkoani kabla hujapiga simu na kuuliza mambo mawili: yupo mtu anayepima kusoma kwa watu wazima, na siku gani? Nimeona watu wakilala Unguja siku nne kwa kazi ya dakika kumi za miadi. Pia pita Wizara ya Elimu na Mafunzo ya Amali, ofisi za Pemba, ueleze kuwa ni mwanafunzi wa elimu ya watu wazima na unataka msaada wa upande wa elimu mjumuisho, ile inayowasomesha wenye mahitaji maalumu pamoja na wenzao. Wengi hudhani huko ni kwa watoto tu. Wewe nenda.

Kuhusu kuongezewa muda. Mtihani wa Maarifa na wa Kidato cha Nne ni wa Baraza la Mitihani la Tanzania. Baraza hilo kila likitoa maelekezo kwa wasimamizi hukumbusha haki za watahiniwa wenye mahitaji maalumu: nukta nundu kwa wasioona, maandishi yaliyokuzwa kwa wenye uoni hafifu, na nyongeza ya dakika 20 kwa kila saa katika Hisabati na dakika 10 kwa kila saa katika masomo mengine. Katika karatasi ya saa tatu hiyo ni nusu saa kwa Biolojia na saa nzima kwa Hisabati. Kwako wewe nusu saa ni maswali mawili, pengine matatu. Lakini disleksia haionekani usoni kama fimbo nyeupe inavyoonekana mkononi, kwa hiyo hakuna msimamizi atakayekutazama akajua. Lazima utambuliwe kabla. Watahiniwa wa kujitegemea husajiliwa miezi ya mwanzo ya mwaka, na Kidato cha Nne hufanywa Novemba. Ombi lako, pamoja na faili, limfikie mkuu wa kituo siku unayojisajili, na uombe nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Mimi nimesimamia mitihani. Asubuhi ya mtihani mtu mzima alinishika mkono mlangoni akaniambia, “Mwalimu, mimi nasoma polepole, nihurumie.” Huruma ninayo, ila orodha iliyo mkononi haikuwa na jina lake penye mahitaji maalumu, na sikuwa na ruhusa ya kumpa hata dakika moja. Kengele ilipolia alikuwa bado anaandika.

Usiombe muda peke yake. Fikiri kinachokukwamisha. Kama ni kuzama katika kelele, omba chumba cha pembeni. Kama ni mistari kukuchanganya, omba karatasi yenye maandishi makubwa na ruhusa ya kutumia rula tupu kufuatia mstari. Ukiomba usomewe maswali ya Biolojia, hoja yako ni nzuri, kwa sababu kinachopimwa ni Biolojia. Ukiomba usomewe kifungu cha ufahamu katika mtihani wa lugha, utakataliwa na ni haki, maana hapo kusoma ndiko kunakopimwa. Na huo muda wa ziada ufanyie mazoezi. Chukua karatasi za mitihani iliyopita, weka saa tatu na nusu, kaa. Asiyezoea kukaa saa tatu na nusu, ile nusu humalizikia kwenye kukodoa macho.

Huku ukisubiri usikae bure. Simu yako ya Android inaweza kukusomea maandishi kwa sauti, Kiswahili na Kiingereza. Mtoto yeyote wa sekondari atakuonesha kwenye mipangilio. Mwombe mwalimu wa jioni ruhusa ya kumrekodi. Sikiliza ukiwa umelala chini ya injini.

* * *

Mwalimu, mimi nasomea uuguzi hapa Unguja, mwaka wa pili. Vitendo nafaulu vizuri, wagonjwa wananipenda, mitihani ya kuandika naanguka. Nilipimwa nikiwa Dar, nina ripoti ya disleksia. Nilipomwonesha mkufunzi alisema, “Sasa wewe utakuwa nesi vipi?” Tangu hapo nimeificha. Naogopa nikiandikwa mlemavu itatokea kwenye cheti, na mama mkwe akijua ndiyo basi. Nifanyeje?
Msomaji, Mwanakwerekwe

Mwanangu, pole kwa neno hilo la mkufunzi. Alipaswa kukuuliza anakusaidia vipi, na badala yake amekufanya uizike karatasi uliyoitolea nauli na jasho.

Sheria iko upande wako. Zanzibar ilitunga sheria ya haki za watu wenye ulemavu mwaka 2006, na ikaja na nyengine mpya, Namba 8 ya 2022. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, na kifungu chake cha 24 kinataja kwa maneno yake elimu ya juu, mafunzo ya ufundi na elimu ya watu wazima: watu wasibaguliwe, na wapatiwe marekebisho yanayofaa. Chuo kinachokuongezea nusu saa kinatimiza wajibu.

Ripoti usimpe mkufunzi mmoja mmoja. Mpe mshauri wa wanafunzi, kwa barua, mwanzoni mwa muhula, na ndani ya barua omba kuwa ripoti ibaki ofisini kwake na wakufunzi waambiwe tu unachostahili kufanyiwa: dakika ngapi za ziada, chumba kipi. Sababu hawana haja nayo. Muda wa ziada hauongezi alama wala haupunguzi swali. Karatasi unayofanya ni ile ile ya wenzako. Kuhusu mama mkwe, siri ni yako. Ila mume wako nafikiri angefaa kujua, kwa sababu wakati wa mitihani utahitaji mtu wa kukuhoji kwa mdomo usiku, na ukimweleza kwa utulivu kabla hajasikia kwengine, atakuwa ngao yako huko huko kwa mama yake.

Lakini nikwambie na upande wa pili kwa sababu nakupenda. Lile swali la mkufunzi, ukiliondolea ukali wake, lina kitu ndani. Hydralazine na hydroxyzine ni dawa mbili mbali kabisa, na majina yake yamewahi kuwachanganya hata wauguzi wasio na tatizo lolote la kusoma. Mtihanini omba muda. Wodini usiombe kupunguziwa uangalifu, jiongezee. Jijengee mazoea ya kutamka jina la dawa herufi kwa herufi kwa sauti ndogo, kulilinganisha na kadi ya mgonjwa, kisha kumwonesha mwenzako kabla ya kuichota, kila dozi, hata siku ambayo wodi imejaa. Andika mazoea hayo kwenye barua yako kwa mshauri. Atakayeisoma ataona mtu anayejua alipo na udhaifu na ameshauwekea ulinzi, na huyo ndiye nesi ninayemtaka mimi nikilazwa.

* * *

Mwalimu, nimepata nafasi ya kusoma Uingereza mwakani, nasubiri kufanya IELTS, ule mtihani wa Kiingereza. Nina disleksia. Huko wanasaidia?
Msomaji, Chake Chake

Hongera. Wanasaidia, ila uanze huku. IELTS wana utaratibu kwa wenye mahitaji maalumu, pamoja na muda wa ziada, na wanataka ripoti ya mtaalamu. Andikia kituo cha mtihani miezi mitatu kabla, hata kama wengine watakwambia wiki sita zatosha, na ripoti ikiwa ya Kiswahili ifanyiwe tafsiri rasmi. Ukishafika huko, Sheria ya Usawa ya 2010 inavibana vyuo vifanye marekebisho kwa mwanafunzi mwenye ulemavu, na disleksia imo. Nyongeza ya robo ya muda ni jambo la kawaida kwao. Wanaopima ni wanasaikolojia wa elimu au walimu maalumu wenye leseni ya kupima. Utasikia wenzako wakitaja posho ya serikali kwa wanafunzi wenye ulemavu. Hiyo kwa kawaida ni ya wakazi wa huko, usiipigie hesabu. Wewe nenda kitengo cha ulemavu cha chuo chako, na uwaandikie kabla hujaondoka Chake, ukiuliza kama ripoti ya Tanzania wanaikubali au watakupima upya, na nani atalipia.

* * *

Mwalimu mwenzangu, mimi nafundisha watu wazima jioni. Nina wanafunzi wawili ninaowashuku kuwa na tatizo hili. Mmoja kaniomba barua ya kumsaidia na nilipokaa kuandika sikujua niseme nini, mimi si daktari. Barua ya mwalimu ina uzito wowote?
Mwalimu wa Mtambile

Ina uzito mkubwa, mwenzangu, kwa sababu wewe unamwona kila jioni na daktari atamwona mara moja. Ila uzito unatoka kwenye ulichokiona kwa macho. Ukiandika “ana disleksia”, umesema usiloweza kulithibitisha. Ukiandika “ni mwanafunzi mwema na mwenye bidii”, hujasema kitu. Kaa naye kwanza umweleze unataka kuandika nini na kwa nini, asije akasoma habari zake kwenye karatasi ya mtu mwengine, na akikataa, heshimu. Kisha hesabu. Maswali mangapi kayafikia, kwa dakika ngapi, wenzake wakiwa wapi. Nakili makosa yake kama yalivyo, usiyasafishe. Eleza ulichojaribu na kilivyosaidia. Mimi ningeandika hivi:

“Namfundisha mtajwa Biolojia na Kiswahili tangu Machi, jioni tatu kwa wiki, na hakosi darasa. Katika majaribio manne ya saa moja alifikia wastani wa maswali manne kati ya kumi, wakati darasa lilifikia tisa. Aliyoyafikia alijibu sahihi takriban yote. Tarehe 14 Juni nilimpa jaribio jengine kwa kumsomea, naye akajibu kwa mdomo: alipata manane kati ya kumi. Neno moja huliandika kwa namna tofauti katika ukurasa mmoja. Naambatanisha kurasa tatu. Nilimjaribu kwa maandishi makubwa na nafasi pana kati ya mistari, akafikia maswali sita. Nilimwongezea dakika kumi kwa saa, akafikia manane. Naomba apatiwe nyongeza ya muda na karatasi ya maandishi yaliyokuzwa, na niko tayari kuitwa kueleza.”

Tia sahihi, tarehe, na muhuri wa kituo. Toa nakala tatu: yake, yako, na ya mkuu wa kituo. Yule mwanafunzi wako wa pili, ambaye hajaomba, mwite leo baada ya darasa wenzake wakishatoka.